Bao Lisilo na Nyumba

Miaka ishirini na sita nimepita chini ya kilima hiki,
nyundo begani, tindo mbili mfukoni,
nikienda kuchonga mawe ya nyumba za watu,
wala sikupanda.
Leo Nyaguthii amenipandisha. Kazi ya shule:
andika ulichokiona, si ulichoambiwa.

Januari. Nyasi zinavunjika kama biskuti.
Vumbi la magadi linatoka upande wa ziwa,
linatua ulimini,
lina ladha ya betri ya redio tuliyoramba utotoni.
Langoni Bi. Tapkigen alitukatia tiketi,
akahesabu chenji mara mbili, akasema:
"Pimbi wako juu. Msiwape chapati."

Kuta kwanza.
Kuta! Hazifiki magotini.
Mawe yamepangwa bila saruji, bila uzi, bila timazi,
nami nikainama kukagua kazi
kama msimamizi mwenye roho mbaya siku ya malipo.
Nilitafuta kosa.
Jiwe la kona limelazwa kwa ubavu wake halisi,
jiwe linavyotaka kulala.
Nikanyamaza.

Makaburini Bi. Tapkigen alisema
wanawake walizikwa na sahani za mawe.
"Na wanaume?"
"Wanaume hawakupewa kitu."
Nyaguthii aliandika hilo upesi,
akalipigia mstari,
akanitazama.

Kisha mwamba wenye bao.
Vishimo vimefuatana kwenye jiwe gumu
ambalo tindo yangu ingelilia wiki nzima.
Nilitia kidole gumba. Kikaingia, kikatulia.
Aliyechonga hakuwa na haraka,
au alikuwa na haraka ya kucheza, sijui.
Kishimo kimoja ni laini kuliko vingine:
mkono ulipita hapo, ukapita, ukapita,
mkono wa mtu aliyependa kuanzia hapo.

Bao nilifunzwa na Bwanaheri, mtu wa Kipini,
tulipojenga maghala kule Njoro.
Alinifundisha kete, alinifundisha kutakata,
akanifundisha nyumba: kishimo cha mraba
unachokilinda kwa jasho
hadi siku unapolazimika kuisafirisha nyumba yenyewe.
"Hili halina nyumba," nikamwambia binti. "Vyote duara."
Alikuwa akipanga ndulele ndogo zilizokauka.
"Sasa mtu analinda nini?"

Chini yetu mabati ya mji, na nyuma ya mabati, ziwa.
"Zamani maji yalifika hapa, miguuni pa kilima,"
Bi. Tapkigen alionyesha kwa funguo.
"Yanarudi," nikasema.
Hakucheka.

Ninalolisema nalijua.
Kuna nyumba Mwariki, vyumba vitatu, jiwe la kijivu,
kona zote nne ni mkono wangu.
Niliimaliza Agosti, mwenyewe akachinja mbuzi.
Leo limebaki paa, na juu ya paa mnandi
anaanika mabawa kama mwenye hati ya kiwanja.
Ndani ya msingi niliandika jina langu kwa msumari,
saruji ikiwa mbichi.
Hakuna ajuaye. Samaki, labda.

Ziwa likija kuchoka, likaondoka tena,
mtu atainama pale kutafuta kosa.
Atalipata: dirisha la jikoni limeegemea kushoto.
Tulikuwa na njaa siku ile.

Nyaguthii alinifunga. Mara mbili.
Pimbi mmoja alitutazama tangu mwanzo
kwa uso wa karani aliyekwishafunga dirisha.
"Toeni ndulele," Bi. Tapkigen akasema, "bao ni mali ya Serikali."
Tukazitoa.
Moja ilinasa katika kile kishimo laini.
Sikuihimiza.

Njiani nilichungulia daftari:
Ukuta ni mfupi.
Wanaume hawakupewa kitu.
Baba alitia kidole kwenye jiwe
akakataa kukitoa.